Sanduku la Barafu

Bujumbura, Quartier Asiatique
11 Oktoba 1998

Kwa kaka yangu Himid, Muscat.

Assalam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Namwomba Mungu karatasi hii ikufikie ukiwa umekaa vizuri, mgongo hauumi, shemeji na watoto wanakula na kulala salama. Sisi huku tupo. Ndugu yetu Mazin anafungua duka asubuhi na kulifunga mapema, maana rafu ziko nusu tupu tangu nchi jirani zitufungie mipaka. Mke wake Afrah alikuwa na malaria, sasa amepona. Mimi ni mzima wa mwili. Bwana Ildephonse anasafiri kupitia Kigoma mpaka Dar, ameniahidi kuitia barua hii posta huko. Ndiyo maana nakuandikia leo, wala usidhani kwamba nimesahau tulivyoachana kwenye telefoni mwezi wa pili.

Sikuandiki ili kuomba msamaha. Hilo liwe wazi tangu mwanzo, usije ukaisoma barua nzima ukingoja neno ambalo halimo.

Ninaandika kwa sababu ya jambo aliloniambia Mazin Ijumaa iliyopita. Alikuja mpaka kliniki yetu ya macho, akasimama mlangoni kama mtu anayeogopa harufu, akaniambia kwamba hulali. Kwamba tangu Februari unamwona mama ndotoni, anapapasa ukuta wa nyumba yetu akitafuta mlango, na wewe unamwita lakini hajui uko upande gani. Kwamba ulimuuliza shehe wa huko kama mtu aliyezikwa bila macho atafufuliwa anaona. Mazin alisema haya kwa hasira, akamalizia, "Angalia vile umemufanya kaka." Kisha akaondoka bila kuaga. Nimekaa na maneno hayo tangu siku ile, na nimeona kwamba mimi naweza kuubeba mzigo wangu, lakini huo wako haukuwa haki yako kuubeba.

Lakini utanisikiliza kwa mpangilio wangu, kaka. Mara zote umesema wewe kwanza.

Unajua nilivyoifikia kazi hii, ila unapenda kusahau. Uliposema mtoto wa kike wa nyumba yetu hafanyi kazi ya hospitali, nilishona magauni ya maharusi miaka minne nikajisomesha uuguzi mwenyewe. Halafu akaja daktari mmoja mgeni, alikaa kwetu miezi michache tu kabla ya vita, akanifundisha kutayarisha konea, yaani kile kioo chembamba cha mbele ya jicho. Nilijifunzia kwenye macho ya mbuzi. Wachinjaji wa Buyenzi walinijua kwa jina; nilikata macho kama mia mbili mpaka mkono ukazoea. Mama alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Alisema, "Weye Ghanima, mbuzi yote ya Buyenzi imekuwa kipofu juu yako." Wewe ulipopata habari ukaagiza niambiwe kwamba ninachezea mizoga, na kesho nitachezea maiti.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, maana najua unachofikiri. Unafikiri tunachokoa jicho kwa kijiko. Hatutoi jicho. Tunalisafisha kwa maji ya chumvi na iodini, tunakata duara nje kidogo ya ile sehemu nyeusi, tunainua kile kioo peke yake kwa koleo ndogo, tukishika ukingoni tu. Unene wake ni nusu milimita. Mgongoni mwake kuna utando wa chembe hai ambazo zikifa hazioti tena, na ndizo zinazokifanya kioo kiwe angavu. Kidole kikiugusa, umeua. Kinakaa kwenye kichupa chenye unyevu, kichupa kinakaa kwenye sanduku la barafu, na kila saa inayopita inakula kitu. Kwenye upasuaji ninakilaza mgongo juu, uso chini kwenye kibao chenye shimo, ninakipiga kwa kisu cha mviringo cha milimita nane. Daktari kwa upande wake anakata kwa mgonjwa saba na nusu. Hiyo nusu ya ziada ndiyo inayofanya kishonwe bila kuvutana. Aliyetoa anafungwa kope zake, na ukimtazama hutajua kitu. Anaonekana amelala tu.

Zamani tulikuwa tunaletewa kwa ndege kutoka nje, vichupa viwili vitatu ndani ya barafu. Ndege zilipokatazwa kutua, na vichupa vikakatika. Dokta Népomuscène, mpasuaji wetu, akasema basi tutaomba hapa hapa. Kaka, ni rahisi kusema. Familia nyingi za mji huu zinangoja ndugu washuke kutoka milimani ndipo zizike, na njia zimefungwa, maiti inakaa chumba cha baridi mpaka kioo kimeharibika. Wanaozika upesi ni sisi Waislamu. Kwetu mtu akifa asubuhi, alasiri yuko chini. Konea nzuri kuliko zote mjini ni zetu, na sisi ndio tuliokuwa tunakataa kuliko wote. Nilikwenda kwenye nyumba kumi na nne, za dini zote. Mbili zilikubali. Kwingine walinikaribisha chai walipojua mimi ni mtoto wa nani, na nilipotaja shida yangu walikiondoa kikombe kabla sijamaliza.

Mama alijua yote hayo kuliko mtu yeyote, maana ndiye aliyekuwa anawaosha maiti wanawake wa Asiatique na nusu ya Buyenzi. Miaka thelathini ya kuosha. Siku moja, mwaka jana, alikuja kliniki kuniletea chakula, akamkuta Raïssa kwenye benchi. Huyu ni msichana wa Mutanga Sud, alikuwa anasoma chuo kikuu. Jicho moja lilitoka kwa vioo vya dirisha siku guruneti ilipotupwa mtaani kwao, na hilo lililobaki limechongoka kwa mbele kama ncha ya yai, likaanza kuingia ukungu. Alikuwa ameshikilia kitabu karibu na pua mpaka karatasi inagusa ngozi. Mama alikaa naye, wakazungumza muda mrefu kuhusu bei ya mkaa na ubaya wa wanafunzi wa kiume. Jioni, mbele ya Mazin na Afrah, akasema, "Mi nimeosha watu mingi, apana ona hata mumoja mwenye anaenda na kitu. Siku yangu ikifika, Ghanima atachukua vioo ya macho. Achukue mbele, mwanafunzi wangu Mawazo hajanifunga bado sanda."

Afrah akaangalia sahani. Mazin akasema astaghfirullah. Mama alikuwa amekwisha kumuuliza shehe, naye akamwambia wanazuoni wanatofautiana, aende na moyo wake. Akasema moyo wake ulikwenda zamani. Kisha alikupigia wewe. Najua ulivyomjibu, kwa sababu aliporudisha simu alinitazama akasema, "Kaka yako amekataa. Lakini macho si yake."

Nayataja haya ili ukumbuke: alinipa. Kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mashahidi wawili ambao mpaka leo wanajifanya hawakusikia.

Alifariki wiki chache baada ya Idi, alfajiri, kama unavyojua. Wasichojua kukueleza ni kwamba mimi sikuwepo. Nilikuwa Kiriri, huko juu mlimani, nilitumwa tangu jana yake kumhudumia mzee mmoja aliyepasuliwa, nikalala huko kwa sababu ya amri ya kutotembea usiku. Asubuhi risasi zikasikika juu ya vilima, wanajeshi wakaweka barieri, hakuna kushuka. Mazin alinipata kwa simu ya nyumba ya yule mzee. Nilisimama kwenye barieri na mwanajeshi kijana aliyeniuliza ninakimbilia wapi, nikamwambia mama yangu amekufa, akanijibu kwamba na wa kwake pia, tena yeye hajui alipozikwa. Walifungua njia mchana. Nikapita kliniki, nikachukua vyombo vyangu na lile sanduku jeupe, nikanunua barafu kwa wauza samaki sokoni kwa sababu friji yetu haikuwa na umeme, nikaja nyumbani kwa miguu.

Nilikuta ameshaoshwa. Mawazo, unamkumbuka, yule aliyefundishwa na mama kazi ya kuosha tangu akiwa msichana, alikuwa amekaa mlangoni amevimba uso kwa kulia. Niliwaomba waniache na mama peke yangu kabla uso haujafunikwa. Mawazo aliliona sanduku. Wote waliliona. Hakuna aliyenizuia, kwa sababu wosia waliusikia, lakini walinipisha njia kama wanavyompisha mtu mwenye ukoma. Nilifunga mlango. Nilikaa ndani kitambo. Nikaifunga sanda ya usoni kwa mikono yangu, nikatoka na sanduku, maji ya barafu yakidondoka sakafuni mpaka barazani. Kabla ya magharibi, mtaa mzima ulikuwa na habari yake: Ghanima amemtoa mama yake macho.

Hujawahi kuulizwa na mji mzima bila mtu hata mmoja kufungua mdomo, kaka. Kwenye khitma ya siku arobaini, Afrah alinitengea sahani yangu kwenye ngazi za uani, karibu na ndoo. Alisema ndani kumejaa. Ndani nilihesabu nafasi sita.

Na wewe, hata arobaini haijafika, ulipiga simu kliniki. Telefoni yetu iko juu ya meza ya mapokezi, na wagonjwa wanakaa kwenye mabenchi mbele yake. Ulipiga kelele hivi kwamba niliiweka mbali na sikio, na hapo ndipo ukumbi wote ukakusikia vizuri zaidi. Uliniuliza macho ya mama yako nimeyapeleka wapi. Ulisema ulikwisha kukataa kwa ulimi wako na nikapita juu ya neno lako kama mkeka. Ulisema huna dada Bujumbura, na kwamba nisikanyage kaburi. Nilisema, "Kaka, nisikilize." Ukasema utanisikiliza Kiyama. Laini ikakatika, au uliikata. Niligeuka nikakuta watu kumi na kitu wananitazama, wengine kwa jicho moja. Nikamwita anayefuata.

Sasa sikiliza kelele zako zilifanya nini.

Mbele kabisa ya benchi siku ile alikuwa amekaa mama mmoja anaitwa Concilie, mwalimu, Mkatoliki wa watu, alikuja kwa ajili ya miwani. Mwezi wa sita mume wake Adrien alifariki hospitalini, ini. Mtu wa makamo, macho mazuri. Nilikwenda kumwomba nikijua nitafukuzwa, maana niliyajua majibu yote ya mji huu kwa moyo. Concilie alinitazama, akaacha kulia, akasema, "Ni weye ule mama wa telefoni? Mwenye kaka yake anapiga makelele?" Nikakubali. Akaniuliza kama ni kweli, kwamba nilichukua ya mama yangu mwenyewe. Nikamjibu kwamba mama alinipa kwa mdomo wake. Ndugu wa Adrien walianza kunung'unika pembeni, mmoja akasema Waarabu sasa wanauza mpaka maiti. Concilie akamgeukia: "Nyamaza, Valéry. Huyu alitoa ya mama yake, nduguze wakamufukuza, na bado anakuja hapa kutuomba. Mutu hawezi jitesa hivi juu ya bure. Iko kitu ya kweli ndani." Na kwangu: "Chukua, mama. Chukua mbili."

Nilichukua mbili. Kesho yake, kabla joto halijapanda, nilikipiga kimoja milimita nane na Dokta Népomuscène akamshonea Raïssa kwa uzi mwembamba kuliko unywele, mishono kumi na sita. Jenereta ilikohoa mara mbili, ikaendelea. Nilivyokiona kile kioo kikikaa mahali pake nilisahau kupumua. Leo Raïssa bado ana nyuzi jichoni, bado anatia matone, lakini anasoma. Mwezi uliopita alikuja kunionyesha kwamba amerudi darasani, akanisomea tangazo la ukutani kwa kujigamba, na ukungu wote ulikuwa umehamia kwenye macho yangu mimi.

Tangu Concilie, habari imetembea. Kila ninapokwenda, inakuwa imefika kabla yangu: ndiye yule aliyetoa ya mama yake. Zamani ilikuwa nyumba mbili kati ya kumi na nne. Tangu mwezi wa sita nimekwenda nane, tano zimekubali, na mojawapo ni ya Kiislamu, hapo Buyenzi, familia iliyooshewa na mama watu wao watatu. Mtoto wa nyumba ile aliniambia kwamba kama Bi Mkubwa mwenyewe alikwenda hivyo, wao ni nani wajifanye wasafi zaidi yake.

Basi, Himid, kaka yangu, sasa soma polepole.

Nilipofunga ule mlango nilimfungua mama kope. Macho yake hayakuwa yamefumba vizuri, unajua watu wengine yanabaki nusu. Mawazo hakutaka mwalimu wake aende hivyo. Kwa mapenzi yake yote alikuwa amesaga kafuri kwenye maji ya waridi, akalowesha pamba, akaisukuma chini ya kope zote mbili ili zitulie, na ikakaa humo tangu asubuhi, kwenye joto la Februari, wakati mimi nasimama kwenye barieri. Niliitoa ile pamba kwa koleo. Nilimulika kwa kitochi. Vioo vilikuwa vyeupe, vimekunjamana, kama yai lililoanza kuiva. Nilimulika tena, na tena, nikitumaini kwamba mkono wangu ndio mbaya. Havikufaa kitu. Havingemfaa Raïssa wala mwingine yeyote. Sikuvigusa. Vyombo vyangu sikuvifungua. Niliyafunga macho ya mama yangu, nikaweka kichwa karibu na mabega yake, nikamwambia kwamba tumeshindwa, mimi na yeye. Nikatoka na sanduku halina kitu ila barafu.

Mama alizikwa na macho yake mawili, kaka. Hakuna anayepapasa ukuta. Lala.

Utaniuliza mbona sikusema. Ule wakati wa kwanza ilikuwa hasira, sikufichi. Ulikuwa umekwisha kuhukumu, nikasema moyoni ukae nayo hukumu yako. Na kulikuwa na Mawazo. Ningesemaje bila kumweleza kwamba mkono wake ndio ulioharibu wosia wa mama? Angekufa kwa huzuni, na bado anaosha watu wetu. Nimemwambia tu, kama jambo la kawaida, kwamba siku hizi tunapendelea pamba isiyo na kitu, ikae juu ya kope, isiingie. Amekubali. Anafanya hivyo kwa kila mtu, hajui kwa nini.

Lakini baada ya Concilie sababu ikawa nyingine. Ule uongo sikuutunga mimi. Uliutunga mtaa na wewe ukautangaza. Mimi niliukuta umesimama, na watu wanaupitia kama daraja. Wakijua leo kwamba sikuchukua kitu, watasema basi hata yeye alimhurumia wa kwake, akaja kuomba wa kwetu. Vikombe vya chai vitaondolewa tena. Na nina Loïc, mwalimu wa shule ya msingi kule Kinama, vidonda vimemziba macho yote mawili, watoto wanamshika mkono kumpeleka ubaoni. Jina lake ndilo linalofuata. Familia moja ya hapa mtaani, ambayo mgonjwa wao hatapona, imeshanipa neno, na imenipa kwa sababu moja tu.

Kwa hiyo nakuomba kitu ambacho sidhani dada amewahi kumwomba kaka yake. Usinisafishe. Usimwambie Mazin, maana Mazin atamwambia Afrah, na kabla ya sala ya Ijumaa Asiatique nzima itanikumbatia, na Loïc atabaki gizani. Watu wakikuuliza habari zangu, kasirika. Ukipiga simu kliniki, piga saa tatu asubuhi wakati mabenchi yamejaa, na upige kelele kama zamani. Nitaiweka simu mbali na sikio. Uliyonitukana bure nimekwisha kuyalipia, acha sasa yafanye kazi. Mimi nitaendelea kula kwenye ngazi.

Ila, ukishapiga kelele zako, kabla hujakata, vuta pumzi kidogo. Usiseme kitu. Nitaisikia hiyo pumzi, nitajua kwamba barua imefika.

Mwambie shemeji nimezipokea salamu zake za Idi hata kama hakuzituma. Wabusu watoto, hasa yule mdogo ambaye sijamwona. Kaburi la mama ni safi. Naenda mapema, kabla Mazin hajaamka, nang'oa majani. Ukimaliza kusoma, ichome karatasi hii. Mungu akulaze usingizi mwema, na akupe kurudi siku njia zitakapofunguka.

Ni mimi mdogo wako, ambaye mbele za watu huna,

Ghanima